Matundu ya Dishi

Jua lilikuwa limeshagusa maji ya ziwa Mweru upande wa Kongo pale Aubrey Mwewa alipobeba ngazi yake kwenda kumalizia kazi kwa Mama Berthe. Nyuma yake alikuja binti yake Tamara, waya wa antena ameuviringisha begani. Kazi ilibaki ndogo tu: kulielekeza dishi, kukaza skrubu, kurudi nyumbani kula.

Huyo Mama Berthe, kwa jina kamili Berthe Mujinga, alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Pweto. Alikuwa amepanga nyumba kubwa mwisho wa mji wa Kashikishi, jirani na vichanja vya kukaushia samaki, akafungua mgahawa. Uani lilisimama dishi la zamani la wavu wa chuma, pana kuliko chumba cha kulala. Wageni wote walikuwa wakimkimbia kwenda kutazama mpira kwingine, naye alitaka dishi hilo liwarudishe.

Aubrey alikuwa amelihangaikia juma zima. Wavu wa zamani una macho mapana. Mawimbi ya siku hizi ni membamba, hupita humo kama chisense, wale dagaa wa ziwani, wapitavyo kwenye wavu wa samaki wakubwa. Basi alilitandika lote wavu mwembamba wa waya, akaufunga kwa mkono, kisha akaweka jicho jipya mbele, kile kichwa kidogo kinachopokea picha.

Kulikuwa na matundu pia. Hayakuwa ya kutu. Kutu hula kingo taratibu, nayo haya yalikuwa yamepasuliwa, vyuma vimekunjamana kwa nyuma, kama aliyeyapiga alisimama mbele ya dishi na shoka mkononi. Aubrey aliyaona, akasema moyoni, wahuni hao. Akayaziba moja moja. Kingekuwa chungu, au sahani ya bati, angejiuliza. Lakini nani ajiulize habari ya dishi?

Jioni ile alipanda ngazi nyuma ya dishi. Tamara aliingia sebuleni, akaketi mbele ya televisheni ili amsomee namba za nguvu ya mawimbi kupitia dirishani. Ndivyo baba na binti walivyofanya kazi siku zote. Marehemu mama yake Tamara alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, akawaachia Kiswahili cha kule.

"Tamara! Inasema ngapi?"

"Makumi tatu, Tata!"

Akasukuma kidogo. "Na sasa?"

"Makumi tano! Polepole, Tata, unasukuma sawa mutu anavuta mutumbwi!"

Mama Berthe, aliyekuwa akipepea mkaa mlangoni mwa jiko, akacheka. "Umuache muzee. Mifupa yake iko na kutu kupita dishi."

"Makumi saba! Picha imefika!"

Aubrey akachukua spana akaze.

"Zero," Tamara akasema.

"Nini?"

"Zero, Tata. Kuko mutu amesimama mbele?"

Kila fundi anajua: kitu kikikaa mbele ya dishi, picha hukatika. Aubrey akachungulia.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na ndege.

Lakini nguzo ililia... krrr... Dishi likainama polepole, kama kitanda kinavyobonyea mtu anapoketi. Kisha ikaja harufu. Si ya samaki, si ya mkaa. Harufu ya mbao mpya na vanishi mbichi, kama ya jeneza jipya.

"Ba Aubrey."

Ilikuwa sauti ya chini, kutoka kwenye uzio. Bibi Mwelwa, mkaushaji samaki wa kiwanja cha pili, alikuwa amesimama pale na beseni kichwani. Hakumtazama Aubrey. Alilitazama dishi.

"Nani amefunga matundu?"

"Miye, mama."

"Eh, Lesa, Mungu wangu..." Akatua beseni. "Shuka. Shuka mbio."

Akashuka. Mwelwa akamwambia kwa kunong'ona, na maneno yalikuwa machache. Nyumba hii ilikuwa ya Sébastien Kalaba, tajiri wa samaki. Alipozikwa, ndugu zake walipeleka kaburini sahani na sufuria zake, wakazitoboa, kama ilivyo desturi, ili vya marehemu viende naye na mzima asivitumie. Dishi halikubebeka. Wakalitobolea papo hapo.

"Kitu chake kilikufa pamoja naye," alisema Mwelwa. "Weye umekifufua. Sasa mwenyewe amekirudilia. Na mufu akirudi, anatafuta mwili wa kukaa ndani."

Aubrey aligeukia dirisha. Mwanga wa televisheni ulicheza kwenye pazia. Ndani hamkuwa na mtu mwingine ila Tamara.

"Tamara! Toka inje!"

Hakutoka.

Akakimbia. Mlango ulifunguka bila shida. Tamara alikuwa ameketi kitini, mikono magotini, macho wazi kwenye chenga za televisheni. Aubrey akamshika mabega. Yalikuwa baridi kama samaki wa barafu.

"Tamara, mwanangu!"

Midomo yake haikusogea.

"Niko huku, Tata."

Sauti ilikuwa yake. Ilitoka uani. Ilitoka juu, kwenye dishi.

"Tata... niko huku yulu. Kuko baridi."

Mama Berthe akaanza kuliita jina la Yesu. Aubrey akatoka mbio, akamkuta Mwelwa na shoka la kuni mkononi, amelielekeza kwake mpini mbele.

"Toboa."

"Lakini mutoto wangu iko mule ndani ya dishi!"

"Ninasikia."

"Nikitoboa, atarudi?"

Mwelwa alimtia mpini mkononi. "Sijui, Ba Aubrey. Ninajua tu, kama huyu akizoea ule mwili, hutaupata tena."

Ndani ya nyumba kiti kilikwaruza sakafu. Akasimama mtu. Hatua zikasikika, nzito, za mtu anayejua kila kona ya nyumba yake.

Aubrey akainua shoka.

Waya wa kwanza alioufunga kwa mkono wake ukakatika. Tundu likafunguka. Akapiga la pili, la tatu, akilia kwa sauti kama mtoto. Dishi lilitetemeka kila pigo.

"Tata, ngoja..."

Hatua zilifika ukumbini.

"Tata, ngoja, bado sija—"

Akapiga tundu la mwisho.

Nguzo ikanyamaza. Dishi likainuka, jepesi. Harufu ya vanishi ikaondoka, ikabaki ya samaki na mkaa. Ziwani wavuvi walikuwa wameanza kuwasha taa zao.

Tamara alitoka mlangoni. Uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi, mikono yake ilikuwa na joto. Mama Berthe alimkumbatia akipiga vigelegele, akimshukuru Mungu. Tamara alitulia ndani ya kumbatio hilo. Aliuangalia ua, vichanja, ukuta uliopasuka, taratibu, kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu na kukuta vitu vyake havikutunzwa. Mwishowe akamtazama Aubrey.

"Asante, fundi," alisema.

Mwelwa alijitwika beseni lake akaenda, bila kuaga.

Mpaka leo binti yuko nyumbani kwa Aubrey. Anapika, anacheka na majirani, Jumapili anakwenda kanisani na kuimba. Mchungaji amemwombea, akasema hana ubaya wowote. Mama Berthe alihamia Mununga. Dishi liko palepale na matundu yake, na hakuna anayekubali kulishusha.

Aubrey akimhitaji binti, humwita "weye," au hugonga meza. Jina la Tamara hajalitamka tangu jioni ile. Hajalisahau. Anaogopa kwamba akiliita, huyu aliye jikoni hatageuka, na kwamba jibu litatoka kule juu, kwenye dishi.