Shati Lisilo na Kola

Siku ya tisa mto wa kulalia wa mama mkwe ulianza kunuka moshi wa sigara. Mkandaji aliusikia tangu ukumbini, kabla hajashika mlango. Marehemu mumewe hakuwahi kuvuta sigara hata moja.

Pua yake haikudanganyika, na mtaa mzima ulijua. Mumewe, seremala, alimbatiza jina la Pua, nalo likamganda. Katika chumba cha mbele aliwakanda watu kwa mafuta ya kunukia: lavenda kwa waliokosa usingizi, mikaratusi kwa wenye mafua, mchaichai kwa waliochoshwa na mabosi wao. Hakuahidi miujiza. Aliyekuja na kifua kinachobana alimtuma hospitali kwanza.

Lakini mganga hajigangi. Seremala alipofariki, mama yake alikesha miezi minne, na lavenda yote ya chumba cha mbele haikumfumba jicho. Ndipo Pua akafanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine ila mwenye kazi yake. Mafuta hunywa harufu. Ndivyo alivyoipata asumini, kwa kuloweka maua mpaka yaitoe harufu yote. Kabatini kulikuwa na shati la kazi la marehemu, halijafuliwa, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikata kola, akailoweka wiki mbili kwenye mafuta ya nazi, akachuja, akadondosha matone mawili kwenye mto wa mama mkwe.

Jasho lake. Maranda ya mbao. Sabuni ya kipande. Usiku huo wa kwanza bibi kizee alilala kama mtoto aliyenyonya akashiba, na Pua akalia kwa furaha.

Sasa, siku ya tisa, moshi ulikuwa umeingia, na mama mkwe alikuwa akilala mpaka alasiri. Hakula tangu juzi. Mikono yake ilikuwa mepesi kama vijiti.

"Mama, amka unywe japo maji," Pua alinong'ona.

"Niache, mwanangu. Nipo naye."

Ilikuwa saa sita mchana na jua la utosi, lakini chumbani mlikuwa na giza, kwa maana dirisha lilikuwa limefungwa na komeo limesukumwa hadi mwisho. Pua alipoinama kumwinua mama, akaona kwamba kando ya kichwa chake mto ulikuwa umebonyea, shimo la ukubwa wa kichwa cha mtu mzima, na shimo lile lilikuwa likishuka na kupanda taratibu, kwa pumzi, na kila pumzi ilitoka na harufu ya mumewe mbele na ya nywele zilizoungua nyuma, mpaka akashika ukuta, asijue akimbie au apige magoti.

Midomo ya bibi kizee ikafunguka. Sauti haikuwa yake.

"Pua. Usifungue dirisha."

Hapo hofu ikamtoka, hasira ikaingia. Dirisha lile mumewe alilichonga kwa mikono yake, na hata mvua ikinyesha hakukubali kulala limefungwa.

"Wewe si yeye."

"Uliacha nguo haina mtu. Nimepita, nimeivaa." Sauti ilicheka kidogo. "Harufu yake yote iliyobaki duniani ninayo mimi. Nifukuze, niondoke nayo."

Pua alisimama pale akiililia harufu ile. Ni kweli, hakuwa na kingine. Picha hazinuki.

"Basi nitaipoteza mwenyewe," alisema. "Lakini kuibiwa, siibiwi."

Alichukua chupa ya mafuta yale ya kola, akaenda jikoni, akafunga mlango. Wenye kazi yake wanajua mafuta yanavyoishia: alikoroga magadi ya sabuni kwenye maji, akamimina mafuta yote, akabandika sufuria kwenye moto mdogo. Mafuta yalipopata moto mumewe alijaa jikoni kuliko alivyowahi kujaa hata akiwa hai, akitoka kazini, kifua kimelowa. Sauti ikamwita kutoka sufuriani, kwa upole, kisha kwa kilio, kisha kwa matusi ambayo seremala hakuyajua. Pua alilia machozi mpaka kidevuni. Mwiko haukusimama.

Mafuta yalipogeuka sabuni, alilitoa shati lisilo na kola akalifua kwa sabuni hiyo hiyo, akalisugua mpaka kipande kikaisha mkononi. Akalianika uani. Upepo ulivuma kuelekea kulia. Mikono ya shati ikaenda kushoto, ikaning'inia kwenye kamba kama inayoomba msaada.

"Ng'ang'ania tu," Pua aliliambia. "Jua lipo, na mimi nipo."

Kuelekea magharibi mikono ililegea. Mlangoni alisimama mama mkwe, akiyumba, macho makavu kwa ghadhabu.

"Umeifua harufu ya mwanangu?"

"Nimeifua, mama."

Bibi kizee alilitwaa shati, akauzika uso humo, akavuta pumzi mara tatu. Kisha akalia, kilio kile ambacho kwa miezi minne kilikuwa kimekwama kooni. Alipomaliza akajifuta kwa kanga.

"Kuna chakula? Njaa inaniuma."

Walikuwa bado wanakula chumbani kwa mama wakati moshi wa sigara ulipopenya dirishani, na sauti ikanong'ona kutoka nje, karibu kabisa, "Pua. Nifungulie. Lirudishe shati kabatini."

Mama mkwe aliacha kutafuna. Pua alinyanyuka, akaenda kwenye sanduku la vifaa vya marehemu, akachukua bisibisi. Alilegeza bawaba moja baada ya nyingine, akaling'oa dirisha zima, akaliegemeza ukutani. Kisha akalivaa shati lisilo na kola juu ya nguo zake, akafunga vifungo vyote. Jasho lake mwenyewe lilikuwa limeshaanza kuliloweka.

Bibi kizee aliutazama uwazi ule, mdomo umejaa chakula.

"Pita zako," aliuambia. "Humu kila nguo ina mwenyewe."