Bolti Ndefu kwenye Tundu Fupi

"Sikukosea, baba. Nilizipanga mwenyewe, moja moja," mdogo wangu alikuwa anasema, na sauti yake ilishapanda mpaka mama kule jikoni akazima redio.

"Kama hukukosea, hii imepasukaje?" Baba aliinua pampu ya maji, ile ya kupoozea injini, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha la banda. Ufa ulionekana hata kwangu mimi niliyesimama mlangoni. Ulianzia kwenye tundu la bolti ukashuka, mwembamba kama unywele. "Bolti ndefu imeingia tundu fupi. Imefika mwisho, na wewe unakaza tu."

"Nilifuata kadi."

"Basi kadi uliichora vibaya."

Naangalia vidole vya miguu yangu kama vile nimeviona leo.

Ngoja nieleze. Gari letu, jipu la zamani, baba aliliendesha miaka kumi na tisa, akiwapeleka wapima ardhi porini. Lilipochoka, wakamwachia. Likakaa bandani nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka huu baba akasema litaamka, maana bibi, mama yake mama, anakaa ng'ambo ya milima, na basi huishia njiani. Kuanzia hapo ni matope na mawe, na bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hufiki. Bibi ana miaka minne hajatuona. Likizo ikifika, tunakwenda. Mama, kwa jinsi baba anavyoshinda bandani, analiita lile jipu mke mwenzake, na wakati wa chakula huuliza kama naye apakuliwe.

Baba ana utaratibu wake. Hafungui kitu kabla hakijachorwa kwenye kipande cha boksi. Mchoro unatobolewa matundu, na kila bolti inayotoka inachomekwa palepale ilipotoka. Ndiyo kadi hiyo. Sheria yake ya pili ni mlango: banda lifungwe muda wote, kwa sababu injini iko wazi na vumbi likiingia limeingia. Hiyo ya pili mimi huisahau kila siku.

Kazi ya kadi alimpa mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na tatu, akaanza kumwita Fundi. Fundi, nipe spana. Fundi ameshakula? Mimi nimemaliza shule, nasubiri matokeo, nimekaa tu nyumbani kama pazia. Wageni wakija wanaonyeshwa kadi za Fundi. Mjomba naye akamletea ovaroli yake ya zamani, akaikunja mikono mara tatu ndipo vidole vikaonekana. Mimi ingenitosha bila kukunjwa. Kila nilipoiona inaning'inia kwenye kamba ya nguo, siku yangu iliharibika hapohapo.

Jana baba na Fundi wakatoka kwenda kutafuta gasketi ya kuzuia pampu isivuje. Nikaingia bandani. Kadi ya pampu ilikuwa mezani na bolti zake nane. Nikachomoa mbili, moja ndefu na moja fupi, nikazibadilishia nafasi. Sikutaka kitu kipasuke. Nilitaka zikatae kuingia, Fundi aonekane hajui, baba agande kidogo halafu aite jina langu. Nikatoka, na mlango nikauacha wazi.

Sasa baba alikuwa anasema kwamba pampu ya gari la zamani hivi madukani haipo, ameshazunguka kote. Likizo imebaki wiki mbili. Kisha akasema neno nililolisubiri miezi mitatu.

"Vua ovaroli. Kaka yako atamalizia."

Spana aliyoninyooshea ilikuwa bado ina joto la mkono wa mdogo wangu. Niliipokea, nikangoja furaha ije. Haikuja. Yeye hakulia, na afadhali angelia. Alichukua kadi yake, akaanza kuhesabu matundu kwa kidole, akarudia mara ya pili.

"Labda kweli nilikosea," akasema kwa sauti ndogo. "Labda kazi hii siiwezi."

Nikaweka spana mezani. "Hakukosea. Mimi nilizibadilisha, jana."

Mama alishafika dirishani na mwiko wake. Mdogo wangu akaniangalia, akaniuliza amenikosea nini. "Baba anakuita Fundi," nikasema.

Nilijua baba atawaka. Badala yake alikaa juu ya tairi. Kwanza alimwomba binti yake msamaha kwa kumhukumu kabla ya kuchunguza. Halafu akanigeukia.

"Wa kwanza kuitwa humu ulikuwa wewe. Unakumbuka ulijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilisema grisi haitoki kwenye kucha, nikaenda zangu uwanjani.

"Nafasi ya mwenzako ni kama tundu hili, mwanangu. Wivu unakwambia utaenea. Unaingia, unajikaza, na kabla hujakaa vizuri umeshampasua yeye, na safari yetu sote umeipasua. Nafasi yako ilikuwepo na bado ipo. Haikuhitaji umtoe mtu."

Mama akasema yeye ana mke mwenza wa chuma humo ndani na hajamtoboa tairi hata siku moja. Mdogo wangu alicheka kidogo, kupitia puani.

Baba akaupitisha ukucha kwenye ufa. Haujafika kwenye njia ya maji, akasema, na yule mzee mchomeleaji wa karibu na soko anaweza kuuziba tukawahi likizo. Ila wa kuipeleka pampu, akaniambia, ni mimi.

"Lazima atakuuliza imepasukaje. Mwambie kama ulivyotwambia sisi."

"Yote?"

"Yote. Ukirudi utaanza kusugua kutu chini ya gari. Fundi atakuelekeza."

Sitadanganya, jina lile liliniuma tena, ingawa safari hii nilijua ni mimi mwenye kidonda. Mdogo wangu alishazichomoa zile bolti mbili, akazirudisha kila moja mahali pake, akanipa kadi.

"Mwonyeshe na hii, kaka, ajue ipi inakaa wapi," akasema. "Na usiziguse."

Nikaibana pampu kwapani, kadi nikaishika kwa mikono miwili, nikatoka. Uani upepo ulikuwa unazungusha vumbi. Nilishapiga hatua tatu nilipoikumbuka injini iliyo wazi. Nikarudi, nikaufunga mlango.