Majina Saba Nyuma ya Tovuti

Jua lilikuwa linazama Kisiki aliporudi ofisini kuchukua chaja aliyoisahau mezani. Kazini alikuwa fundi wa seva tu. Kisiki ni jina la kwao, alilopewa kwa sababu akishasimama hang'oki. Dakika mbili, alimwambia mama yake kwenye simu, nachukua nakuja. Nyumbani kulikuwa na mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ni mdogo wake, mpokea wageni wa ofisi hiyohiyo. Kwao walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Sasa ilikuwa wiki ya pili. Jua likizama tu, usingizi unambeba. Ukimtikisa, haamki. Ukimwita, haitiki. Alfajiri anaamka mikono imevimba, hoi kama aliyebeba mawe usiku kucha, na kila siku anazidi kukonda. Madaktari walipima hadi wakachoka. Kisiki alikuwa na hasira, ile hasira ya kutojua umpige nani.

Chaja aliipata. Akageuka atoke...

Vuuuuu...

Feni za chumba cha seva zilikuwa zinanguruma. Ajabu. Tovuti yao hupangia watu miadi ya hospitali, na tangu saa tisa ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Aliifunga yeye mwenyewe. Hapakuwa na mteja hata wa dawa. Sasa seva inahangaika na nini?

Alifungua mlango. Baridi ya kiyoyozi ilimpiga usoni, na ndani ya baridi ile... harufu ya jasho. Jasho bichi, la watu wengi.

Hapakuwa na mtu.

Alikaa, akaita orodha ya nyuzi kwenye kioo cha kompyuta. Kila tovuti inazo. Mtu akibofya kitufe anajibiwa papo hapo, asante, tumepokea. Kazi yenyewe nzito inawekwa kwenye foleni, na uzi wa nyuma unaichukua na kuichapa bila mtu kuuona. Nyuzi hizo huitwa kwa namba. Uzi wa kwanza, uzi wa pili, basi.

Hizi zilikuwa na majina.

Mzee wa Stoo. Huyo alifia kitini mwaka jana. Mama Chai. Alijilaza mchana mmoja, hakuamka tena. Wanne waliofuata hakuwajua. Na wa saba...

Chiriku.

Nywele zilimsimama. Ofisini hakuna aliyelijua jina lile. Kisha akakumbuka ile fomu mpya ya wafanyakazi, iliyouliza: mama yako anakuitaje? Chiriku aliijaza huku akicheka. Kisiki aligoma. Jina la nyumbani ni la nyumbani, alisema, wenzake wakamwona mshamba.

"Usiguse."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Hatua zake hazikusikika.

"Bosi, huyu ni mdogo wangu."

"Najua," alinong'ona. "Mimi nimeyakuta. Aliyenitangulia aliniachia funguo na neno moja, usizime. Na ukiukata uzi katikati ya kazi... unajua mwenyewe. Nusu inabaki huku, nusu kule."

Hapo alisema kweli, na ndicho kilichomuuma Kisiki. Fundi yeyote anajua kwamba uzi haukatwi. Unaambiwa usimame, kisha unasubiriwa.

Alimpigia mama yake.

"Anahema kwa mbali, mwanangu." Mama alikuwa analia. "Mikono imekuwa ya baridi. Njoo umwone. Njoo upesi."

"Ni mtu mmoja," Bosi alisema taratibu. "Mmoja kwa maelfu wanaotibiwa. Hesabu ni rahisi, dada."

"Basi ungeandika jina lako."

Bosi akatia mikono mfukoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangeijua seva, wangeitaja.

"Nilijua," Kisiki alisema. "Mdogo wangu aliajiriwa kupokea wageni. Hakuajiriwa kuliwa."

Akaanza kuandika. Mbele kabisa ya foleni aliweka amri saba, kila uzi na yake: Simama. Nenda nyumbani.

"Hao wengine waache. Hawana pa kwenda," Bosi alisema.

"Wote! Hata maiti ana haki ya kupumzika."

Kila uzi ulipomaliza kazi iliyokuwa mkononi, ulichukua amri iliyofuata. Mzee wa Stoo... amesimama. Mama Chai... amesimama. Kila jina lilipofutika, chumbani ilipita pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo. Walitoka sita.

Chiriku hakusimama.

Bado alikuwa na kazi mkononi. Kisiki aliifungua aone ni kazi gani. Ilikuwa ile fomu. Herufi zilikuwa zinajiandika, moja moja, kwa shida, kama mtu anayevutwa mkono.

K... I... S...

Angeweza kukata. Akikata, anajiokoa yeye, na nusu ya mdogo wake inabaki humu milele. Aliogopa. Lakini hakunong'ona.

"Maliza, mdogo wangu!" alipaza sauti. "Liandike lote. Mimi nipo!"

I... K... I.

Chiriku: amesimama.

Simu ikalia. Alikuwa Chiriku mwenyewe, analia na kuongea kwa pamoja. "Dada, nisamehe, walinishika mkono, nilikataa, dada, wallahi nilikataa, wanakujua, usilale, unanisikia? Usilale..."

"Ongea," Kisiki alisema, machozi yakimtiririka. "Ongea tu, usinyamaze."

Kwenye kioo lilibaki jina moja.

Kisiki: anasubiri kazi.

Usingizi ulimshukia ghafla, mzito, mtamu. Akang'ata ulimi mpaka akaonja damu, akaandika amri ya nane. Simama. Nenda nyumbani. Uzi uliichukua. Kisha ukafanya jambo ambalo nyuzi hazifanyi. Ulijibu.

Sing'oki.

Bosi alirudi nyuma, akageuka, akakimbia. Viatu vyake vilisikika safari hii, hadi mwisho wa ngazi.

Kisiki alijimwagia maji ya chupa usoni, akavuta kiti karibu na kioo, akalikodolea macho jina lake.

"Haya," akasema. "Tuone nani atasinzia kwanza."