Tarumbeta la Bubu

Studio ya picha ilifurika watu mpaka mlangoni, na kila mmoja alitaka picha za pasipoti siku hiyohiyo. Feni ilizunguka kivivu. Kwenye kiti cha kupigiwa picha alikaa msichana wa gauni la njano ambaye kwa maneno yake mengi alibandikwa jina la Chiriku, na mpiga picha alikuwa anamwomba kwa mara nyingine aache kucheka.

"Siwezi," alisema. "Huyo kaka pale ananichekesha."

Huyo kaka alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na alikuwa anapigana na tai yake kama mtu anayetaka kujinyonga mbele za watu. Chiriku alipoinuka alimfuata moja kwa moja.

"Lete hiyo shingo kabla hujatupa kesi."

Kijana akainua kidevu, akatulia kama mtoto anayevalishwa. Alinukia sabuni na, kwa mbali, mafuta ya mashine. "Unasafiri?" aliuliza.

"Na bendi. Naimba kiitikio." Akamtajia bendi yenyewe.

Kijana alikohoa kidogo. "Na mimi nimo humo."

"Umo wapi?"

"Bendi hiyohiyo. Tarumbeta. Nina wiki mbili."

Chiriku alicheka hadi waliokuwa kwenye foleni wakamgeukia. Lakini ukifikiria, ajabu ilikuwa wapi? Bendi ilikuwa na watu arobaini na wanne. Alipojiunga walikuwa wachache, wanajuana hadi kukoroma. Siku hizi ukikanyagwa mguu mazoezini humjui hata aliyekukanyaga, na kila baada ya siku chache kuna sura mpya ndani ya koti jekundu. Mwenye bendi, ambaye kila mtu alimwita Rais, alisema watazamaji wanapenda jukwaa lililojaa.

"Basi nina bahati," kijana alisema. "Wenzangu wanahangaika mji mzima kutafuta mpenzi, wangu niko naye kazini."

"Nani kakwambia una mpenzi?"

"Tai umenifunga mwenyewe. Sikukulazimisha."

Jioni simu ikaita. Kesho yake ikaita tena. Chiriku, ambaye kwa kawaida aliachia simu iite mpaka ichoke, sasa alikuwa anaoga nayo karibu.

"Chiriku wangu, umekula?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu studio. Picha zetu zilikauka pamoja, ndoa gani nyingine unataka?"

Alimpenda. Tusizunguke, alimpenda mapema na kwa moyo wote, na hiyo ndiyo iliyomtia hofu alipogundua jambo mazoezini.

Waimbaji wa kiitikio walisimama mbele, matarumbeta nyuma yao. Ukumbi ulikuwa wa bati, sauti ikigonga juu na kurudi. Tarumbeta la kushoto lilimpasua Chiriku sikio, la kulia lilimpulizia joto shingoni. Katikati, nyuma yake kabisa, aliposimama mpenzi wake, palikuwa kimya. Hakuna joto wala pumzi. Aligeuka kidogo akamwona amevimbisha mashavu, vidole vinacheza vizuri, macho yamefumbwa kwa hisia.

Walipotoka alimvuta pembeni. "Mbona hupigi?"

"Napiga."

"Nimesimama mbele ya matarumbeta miaka, mpenzi. Shingo yangu inajua."

Kijana alilishusha tarumbeta. "Mimi ni fundi friji," alisema. "Baba kauza kiwanja, Rais kanipa koti na hili dude. Ndege ikitua kule, kuna watu wake watatupokea, watatupa kazi. Siko peke yangu. Lile gitaa la mwisho umewahi kuona limechomekwa umeme?"

Chiriku hakuwa amewahi. Alipaswa kukasirika, lakini mtu akishapenda hasira zake huchelewa. Akacheka, akampa jina la Bubu, akasema wakiulizwa huko safarini ni aibu asijue hata wimbo mmoja. Wakaanza kujifunza kwenye karakana yake, katikati ya mafriji mabovu yaliyoachwa wazi.

Wimbo aliomfundisha ulikuwa mfupi, wa kaka yake. Kaka alikuwa mpiga tarumbeta hasa. Kila akirudi nyumbani aliupiga getini, kwa kuwa mama yao husikia kwa shida, hodi haimfikii, lakini ule wimbo ulimtoa hata jikoni. Kaka aliondoka na bendi safari iliyopita, Chiriku akiachwa nyumbani na mama, na hakurudi nayo. Rais alisema amepata bendi kubwa zaidi. Kwenye simu ya mama ulikuwa unaingia ujumbe, *niko salama, kazi nyingi*, na sauti yake hawakuisikia hata mara moja. Safari hii Chiriku alikuwa anakwenda kumwona kwa macho yake.

Siku Bubu alipoupiga wimbo wote bila kukwama, Chiriku alimkumbatia na tarumbeta lake. Mkono ukashika utepe mweusi wa fundi umeme uliozungushwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta. Ulikuwa umeanza kubanduka. Akamalizia kuubandua kwa ukucha, bila sababu yoyote. Chini yake palikuwa na bonde dogo, la ukubwa wa kidole gumba.

Alilijua. Alikuwa mtoto alipoliangusha tarumbeta lile kwenye ngazi, na kaka hakukubali linyooshwe. Hiyo ni sahihi yako, alimwambia.

"Umelitoa wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Rais alinipa. Stoo."

"Hili ni la kaka. Kaka analala nalo kitandani, Bubu. Hawezi kuliacha akiwa mzima." Alimshika koti. "Usiende."

"Nitamwambia nini baba? Kiwanja kimeshaondoka."

"Mwambie mwanao yupo."

"Na wewe mbona unaenda?"

"Mimi naenda kutafuta. Wewe unaenda kutafutwa."

Bubu alimwendea Rais kumuuliza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Usiku simu iliita, na sauti haikuwa na utani.

"Rais kaniambia mimi siyo wa kwanza," Bubu alisema. "Kila mpiga tarumbeta mgeni unamlilia hivyohivyo, habari za kaka. Akibaki, nafasi yake unampa mtu wako."

"Na wewe ukaamini?"

"Sijui niamini nini."

"Basi nenda," Chiriku alisema, akakata. Akalia uso ukiwa kwenye mto ili mama asimwone, maana kilio mama angekiona hata asipokisikia. Hawakupigiana tena hadi siku ya safari.

Uwanja wa ndege walijipanga wote, makoti mekundu kutoka mlango hadi meza ya ukaguzi, abiria wengine wakiwapiga picha. Rais alivaa suti nyeupe na viatu vyeupe, pasipoti zote ziko mkononi mwake. Alipita mstari mzima akimwekea kila mmoja mkono begani. Alipomfikia Bubu aliinama kidogo, na Chiriku, aliyesimama mbele yao kama kawaida, alisikia kila neno.

"Tukishuka, tarumbeta unanikabidhi. Huko uendako hulihitaji."

"Huwa wote wanakukabidhi?"

"Wote."

"Hata waliokuwa wanajua kupiga?"

Rais alitabasamu. "Hao ndio huwa wagumu."

Shingo ya Chiriku ikapata baridi.

Afisa wa uhamiaji alihesabu kwa macho, akachoka. "Hawa wote wanamuziki? Haya, wewe mrefu wa tarumbeta. Tupigie kidogo tufurahi."

Bubu alikuwa na wimbo mmoja tu, na ule mmoja ulitosha. Angeupiga, mhuri ungegongwa, na jioni angekuwa angani. Chiriku alijilaumu kwa kila somo la karakanani. Alisikia tarumbeta likiinuliwa, akasikia Bubu akivuta pumzi, na kisha akamsikia anaishusha.

"Sijui kupiga, afande. Mimi ni fundi friji."

Watu wachache walicheka wakidhani ni mzaha wa wasanii.

"Waambie na wengine wapige," Bubu alisema. "Mmojammoja."

Afisa akaangalia mstari, tabasamu likimtoka polepole. "Haya, pigeni."

Bendi nzima ilisimama na vyombo vyake mikononi, na ukumbi ukanyamaza hadi ikasikika mikokoteni ya mizigo huko nje. Mpiga gitaa wa mwisho alianza kulia. Afisa alipogeuka kumtafuta mwenye bendi, Rais alikuwa ameshaweka pasipoti mezani, simu sikioni, anatembea kuelekea nje bila haraka. Alimpitia Chiriku kwa karibu.

"Msalimie mama," alisema. "Pale nyumbani napajua."

Chiriku alimvuta Bubu, wakatoka mbio. Ndani ya teksi Chiriku alipiga simu ya mama, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Bubu alimshika mkono, naye hakuuvuta.

"Nilikukosea," Bubu alisema. "Nilimwamini yeye nikakuacha wewe."

"Utaniomba msamaha baadaye. Mwambie dereva aongeze mwendo."

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Chiriku aligonga bati mpaka viganja vikamwuma, akaita, akagonga tena. Hakuna aliyejibu. Bubu, aliyekuwa nyuma yake, aliliinua tarumbeta na kupiga wimbo wa kaka, wote, bila kukwama.

Joto lake lilimfikia Chiriku shingoni. Halafu ndani kukasikika kitu kikianguka, na ndala zikija mbio.

Mama alifungua geti mikono ikiwa na povu la sabuni, mguu mmoja peku, na usoni ana furaha ambayo Chiriku hakuwa ameiona tangu kaka aondoke.

"Umerudi, baba?"

Kisha akamwona kijana asiyemjua. Akaliona tarumbeta. Alilichukua taratibu mikononi mwa Bubu, na kidole gumba chake, chenye maji, kikaenda chenyewe kwenye bonde dogo na kutulia hapo.

"Mwenye nalo yuko wapi?" aliuliza.

Chiriku alifungua mdomo, na yeye wa maneno mengi akakosa hata moja. Bubu ndiye aliyejibu. "Hatujui, mama. Tutamtafuta. Mimi siendi popote."

Mama alimtazama mdomo wakati anasema, kama alivyozoea, akamtazama na binti yake aliyekuwa ameng'ang'ania mkono wa koti jekundu. Akalirudisha tarumbeta.

"Piga tena," alisema, akakaa kizingitini akiangalia barabara. "Labda yuko karibu."