Karafuu Mbili za Saada

Kila wakitoka chuoni kusoma Kurani, wajukuu wangu Mwatima na Saada huketi barazani kwangu hapa Wawi, tukachambua karafuu. Mwatima ana miaka kumi na sita, Saada kumi na miwili. Wiki ile Saada alichambua peke yake, na kila konyo, kile kijiti cha karafuu, alilitupa kwa hasira.

"Bibi, mimi vidole vinaniwasha, dada kalala anakorogewa uji!"

"Mwenzio mgonjwa, mwanangu."

"Mgonjwa wa fizi tu! Hata mimi zangu zinauma." Akafunua mdomo. Nikachungulia. Fizi nzima, meno meupe kama nazi.

Fizi za Mwatima ziliugua mpaka mfupa unaoshika meno ukaliwa, na meno mawili ya chini yakawa yanacheza. Daktari mjini Chake Chake alimtoa damu mkononi, akaizungusha kwenye mashine, akapata utando wenye chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Akautia ndani ya fizi, akashona.

"Chembe hizi zinauamsha mfupa ukue tena," alituambia. "Ale vilaini, na wiki mbili pasiguswe."

Basi mama yao akamnunulia Mwatima mto mpya. Baba akamletea maziwa. Saada aliyaona yote, akayaweka moyoni.

Siku ya tatu aliingia chumbani na karafuu mbili kiganjani. "Dada, Bibi kasema uzitafune upande ule ule. Maumivu yatakatika."

Mwatima hakushuku. Nyumba hii jino likiuma, dawa yangu ni karafuu tangu mama yao yuko mdogo.

Saada akarudi barazani. Akachambua kidogo, kisha akauliza, "Bibi, ile dawa ya dada ikitoka, si atatiwa nyingine?"

"Ikitoka, mfupa hauna pa kuanzia. Meno yale tutayazika. Mbona waniuliza?"

Ungo ukamponyoka. Karafuu zikamwagika, naye mbio. "Dada, tema! Tema! Bibi hakusema, nimesema mimi!"

Mwatima akatema. Karafuu moja ilikuwa nzima, ya pili imepasuka, na mate yana damu. Tukarudi kwa daktari saa ile ile, Saada analia njia nzima.

Daktari alitazama kwa muda mrefu. "Uzi mmoja umelegea, lakini utando upo. Angetafuna zaidi kidogo..." Akaushona upya ule uzi.

Miezi sita baadaye alimpiga Mwatima picha ya meno. Mfupa umeanza kujaa, na meno hayachezi. Jioni ile Mwatima alikuwa barazani, ungo mapajani, akimtania mdogo wake: "Haya tabibu, leo hunipi karafuu?"

Saada aliinamisha kichwa. "Bibi, nilimwonea wivu."

"Najua. Wivu humwingia kila mtu, mwanangu, hata mimi uliniingia nilipokuwa kama wewe. Lakini uliuvisha uongo, ukautuma kinywani mwa mwenzio. Na kilichoyaokoa meno yale ni kusema kweli mapema, ingawa ulijua utaaibika. Siku nyingine wivu ukikuuma, njoo uniambie mimi, nitakukorogea uji na wewe."

Akachambua makonyo mawili matatu.

"Bibi," akasema, "leo wivu umeniuma kidogo."

Nikacheka, nikaenda kubandika sufuria ya uji.