Tarehe za Uongo za Hawa

Hawa anauza samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge katika soko la Butembo, mashariki ya Kongo. Ana miaka arobaini na mbili. Ameolewa miaka tisa, hana mtoto. Kila asubuhi anapanga samaki, anafukuza nzi, anaitikia salamu. Amechoka. Amechoka zaidi na swali la mama mkwe wake: "Bado tu?"

Tangu mwaka jana anatibiwa ili apate mimba. Vidonge vyake huanza kumezwa siku ya tatu ya hedhi. Lakini hedhi yenyewe imevurugika. Mara inarudi baada ya wiki tatu, mara inapotea miezi miwili. Joto humpanda shingoni ghafla, hata asubuhi ya baridi. Hawa anaogopa kwamba hedhi inakoma, na kwamba madaktari wakijua wataacha kumtibu. Kwa hiyo anadanganya. Kila akiulizwa, anataja tarehe nzuri, kana kwamba hedhi inakuja kila siku ishirini na nane.

Siku moja mume wake, Shafii, dereva wa lori linalokwenda mji wa Beni, alimsindikiza hospitalini. Muuguzi, Mama Berthe, alifungua faili.

"Mama Hawa, mwezi yako ilikuya siku gani?"

"Tarehe tano."

Shafii alishangaa. "Tarehe tano? Mais ulisali ile siku! Ulisali mwezi muzima. Na Ramadani ulifunga siku zote."

Mwanamke Mwislamu akiwa katika hedhi hasali wala hafungi. Mume hahitaji kuambiwa, anaona mwenyewe. Hawa aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Niliogopa, Mama Berthe. Mutasema nimezeeka, mutaniacha."

Berthe hakumgombeza. Alivua miwani, akajisugua macho. Na yeye alikuwa amechoka.

"Donc mwaka muzima tulikupa dawa siku yenye haiko yake. Na kama ungekuwa na mimba, ile dawa ingekuwa hatari."

"Mwezi yangu inaisha?"

"Inaweza kuwa inakaribia. Kwa myaka yako inafikaka. Lakini kuvurugika kunatokaka pia ku tezi ya shingo, ao ku dawa, ao ku mawazo mingi. Kwa macho hatuwezi kujua. Tutapima damu. Na Papa Shafii naye apimwe."

"Miye?"

"Eh, weye. Mama hazalake peke yake."

Shafii alikohoa, akakubali.

Majibu yalikuja. Shafii alikuwa mzima. Tezi ya shingo ya Hawa ilikuwa inafanya kazi polepole mno. Daktari hakumficha kitu: mayai yake yamepungua, nafasi ya kupata mimba ni ndogo, lakini ipo. Alimpa kidonge cha tezi, ameze kila asubuhi. Hawa alinunua kalenda, akaanza kuandika kila tarehe ya kweli, hata zile zilizomuumiza.

Baada ya miezi minne hedhi ilianza kutulia. Dawa za mimba zikaanza upya, kwa siku yake. Kisha Berthe aliwaita kwenye eko, mashine inayoonyesha ndani ya tumbo. Shafii alisogeza uso karibu.

"Ule ni mutoto?"

"Hapana, Papa. Ni yai, na imekomaa. Donc hizi siku tatu usisafiri."

Nje ya mlango Shafii alimpigia simu mwenye mzigo wa Beni. "Leo siji. Hapana, lori iko muzima. Niko na kazi nyumbani."

Hawa alicheka mpaka akashika ukuta.