Mteja wa Babu

Kila akitoka shule, Chiriku alitupa mkoba kitandani na kwenda kukaa na babu yake barazani mpaka mama arudi kutoka kazini. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi babu, aliyekuwa fundi cherehani hodari, alisahau mengi, hata jina hilo.

Wiki moja babu alianza kulegea. Midomo ilimkauka, na akisimama alipepesuka. Muuguzi aliyekuja kumpima alitikisa kichwa. "Mwili hauna maji ya kutosha. Asipokunywa, itabidi alazwe."

Chiriku akajaza bilauri. "Babu, kunywa maji."

"Nimeshakunywa."

"Hujanywa, babu! Tangu asubuhi!"

"Mtoto wewe, unaniita mwongo?" Babu aliisukuma bilauri, maji yakamrukia Chiriku kifuani. Akakimbilia jikoni, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake alirudi pindo la sketi limefumuka. Babu alimkagua juu mpaka chini.

"Mteja, nani kakushonea hiyo? Kakuonea kweli!"

Chiriku alitaka kusema, "Mimi ni mjukuu wako," akajizuia. "Ndiyo maana nimekuja kwako, fundi. Ila jua limenichoma, koo limenikauka."

"Kwangu mteja hakai na kiu!" Babu akamimina maji kwenye bilauri mbili.

"Fundi, naona haya kunywa peke yangu."

"Haya ya nini? Haya, tunywe!" Akacheka, akapiga funda moja, la pili, mpaka bilauri ikabaki tupu. Chiriku nusura apige vigelegele.

Tangu hapo wateja hawakukatika. Mama alileta blauzi, Chiriku akaleta soksi iliyotoboka pamoja na vipande vya tikiti maji. Babu alishona, akatania, akanywa. Midomo ikalainika, miguu ikapata nguvu.

Muuguzi aliporudi kumpima na kusimuliwa habari za wateja, alitabasamu. "Hakuna kulazwa! Mzee mwenye maradhi ya kusahau huenda asihisi kiu kama sisi, na ukibishana naye unamuumiza tu. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara, na unywe pamoja naye. Umemsaidia bila kumvunjia heshima, binti, na hiyo ndiyo huduma."

Babu akainua macho kutoka kwenye sindano. "Mteja," alimwambia muuguzi, "kwa maneno yote hayo, koo halijakukauka?"

Akamsogezea bilauri. Wote wakaangua kicheko, kisha wakanywa.